Sabufa kwenye Kiti cha Baba Mkwe

Mume wangu ni mtu mpole, hana ugomvi na mtu, ila usimwambie kwamba spika zake ni ndogo. Mtambo wake wa muziki ulipofika hapa kwetu Ipogolo, Iringa, kutoka Mbeya, risiva, spika mbili za kusimama na sabufa ya ukubwa wa kreti mbili za soda, alikaa mbele ya televisheni akaupanga mwenyewe. Menyu ikamuuliza: spika zako ni kubwa au ndogo? Akajibu kubwa. Hakufikiri hata kidogo. Mwanamume aliyesafiri na mzigo ule kwenye buti la basi, abiria wote wakimtazama, hawezi kufika kwake akabonyeza "ndogo".

Mimi nafundisha fizikia sekondari, nikakisoma kile kijitabu cha maelekezo. Swali halikuwa la heshima. Ukijibu "ndogo", spika zinapunguziwa mzigo: sauti nzito zinapelekwa kwa sabufa, spika zinabaki na maneno, kazi ambayo mafundi wanaiita kazi yao halali. Nyuma ya sabufa kuna swichi ya kuzungusha inayoitwa krosova, na huo ndio mpaka wa shamba: sauti za chini ya namba ya hezi uliyochagua ni za sabufa, za juu yake ni za spika. Mume wangu aliizungusha mpaka ilipogoma, kwa imani kwamba kilichopo chote kitumike. Kisha akaisukuma sabufa kwenye kona, akaivika kitambaa cha kufuma, akaweka juu yake maua ya plastiki. Tangu hapo msoma habari akianza kusoma, glasi za wageni kabatini zinamwitikia. Nilisema mara moja, nikaambiwa huo ndio muziki. Ndoa ina mambo makubwa kuliko hezi themanini.

Halafu baba mkwe akaja kutoka Mbeya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa zamani. La kulia ndilo lililopasuliwa na kufungwa bandeji. Daktari akamwambia akae Iringa mpaka siku ya kliniki, asiiname, asikae kwenye moshi, na asahau kabisa basi la Mbeya.

Hapa inabidi nieleze jambo la kwao. Baba mkwe ni Mnyakyusa na mzee wa kanisa, na kwa mila aliyolelewa nayo, mkwe wa kike na baba mkwe hawatazamani. Hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, hawasemezani. Neno likiwepo linapitia kwa mtu mwingine. Siku hizi wengi wameilegeza mila hiyo. Yeye hakuilegeza, na mimi, Mhehe niliyelelewa kumsalimia kila ninayekutana naye njiani hadi habari za ng'ombe, nikajifunza kujificha ndani ya nyumba yangu. Tangu niolewe sikuwahi kusikia neno lake hata moja lililoelekezwa kwangu. Nilikuwa naandaa meza sebuleni, nakohoa, natoweka jikoni. Naye anakohoa, anaingia kula. Kwa kuwa sasa haoni, ungedhani tungepumzika. Wapi! Mila haikusema "isipokuwa akifungwa bandeji".

Mume wangu alikuwa akiondoka alfajiri na kurudi giza likiwa limeingia. Watoto wako bweni. Mchana kutwa tulikuwa wawili, mimi na mzee, na ukuta katikati. Kusoma hawezi, kutazama hawezi, amebakiwa na kusikiliza: habari, matangazo ya vifo, mahubiri. Na sabufa ikawa inamnyima hata hayo. Mimi jikoni nilisikia "vuu, vuu" nikadhani ni kwa sababu ya ukuta. Kumbe aliyekaa mbele ya mtambo naye alisikia hayo hayo.

"Huyu mchungaji," alimwuliza mwanawe jioni, "anahubiria ndani ya pipa?"

Mume wangu akaongeza sauti. Nikatuma ujumbe kwamba kuna redio ndogo ya betri, inasikika vizuri. Mzee akaikataa: mwanawe ana mtambo unaotikisa nyumba, kwa nini yeye apewe redio ya mlinzi?

Siku iliyofuata akatangaza kwamba Ijumaa anapanda basi, kliniki au pasipo kliniki.

"Nyumba hii ina kelele nyingi," alisema, "lakini hakuna anayesema."

Niliyasikia nikiwa jikoni, nikaogopa. Akipoteza jicho lile hana lingine. Na ukoo mzima ungejua ni nani aliyemfukuza mzee, maana mwana wao ni mpole na mkewe ni Mhehe, kabila linalosemwa kwa ukali. Niliogopea jicho lake na niliogopea jina langu, na sijui kipi kilitangulia.

Asubuhi mume alipoondoka na mzee akatoka uani kuota jua, niliingia sebuleni kama mwizi. Kwanza nikafungua menyu nikaandika spika zote ni ndogo. Hakuna aliyekufa. Kisha nikafuata njia niliyoiona kwenye video: sabufa unaiweka kwenye kiti cha msikilizaji, unaiwasha, halafu wewe mwenyewe unatambaa sakafuni ukitega sikio, na pale utakaposikia besi safi, isiyovuma wala kupotea, ndipo sabufa itakapokaa. Nikaipandisha sabufa, na kitambaa chake, kwenye kiti cha baba mkwe. Nikafungulia mahubiri. Nikafunga kitenge vizuri nikaanza kutambaa. Karibu na dirisha la upande wa barabara kuu nilisikia besi nzuri ajabu, nzito, imetulia, nikamshukuru Mungu, mpaka ikabadilisha gia na kuondoka kuelekea Mbeya na shehena yake.

Ukungu ukalifunika jua, mzee akarudi ndani. Bila shaka alikohoa, lakini mchungaji alikuwa katikati ya Jehanamu, sikusikia. Mlango ni mmoja, na yeye alikuwa mlangoni. Nikajisukuma nyuma ya kochi, magoti chini, mkono mdomoni.

Akapapasa mpaka kwenye kiti chake, akaugusa ule utaji wa kufuma. Krosova nilikuwa sijaifikia, kwa hiyo sauti nzito ya mchungaji ilikuwa ikitoka humo humo. Mzee akarudisha mkono haraka.

"Samahani, mgeni," akasema. "Sikujua kuna mtu."

Akatafuta kigoda, akakaa akitazamana na sabufa, mikono magotini, kwa adabu zote. Mchungaji akaendelea kumhubiria. Niliuma kitenge nisicheke. Kisha mzee akanyoosha mkono, akaigonga sabufa taratibu kwa kidole, pembeni, halafu mbele, na chini ya bandeji nikaona meno yake. Alikuwa anacheka.

"Mgeni," akasema, "wewe ndiye unayekaa na watu wa nyumba hii. Hebu mwambie huyu mama aliye nyuma ya kochi, anapumua kama amepanda mlima wa kwenda mjini kwa miguu. Magoti yatamuuma. Atoke. Mimi leo sioni."

Mila ilikuwa imevunjika, au ilikuwa imetimizwa vizuri kuliko siku zote. Mjumbe alikuwepo, amekaa kitini. Nikasimama, nikageuzia uso wangu kwa sabufa.

"Mwambie baba, shikamoo."

"Mwambie marahaba. Halafu mwambie amtoe huyu mchungaji ndani ya pipa."

Nikapiga magoti nyuma ya kiti nikashika krosova. Nikaizungusha kidogo kurudi chini. "Mwambie bado," alisema mzee. Nikaizungusha tena. "Mwambie bado." Ilipokaribia themanini, mchungaji akaihama sabufa, akaenda kwenye spika, na maneno yakaanza kufika yakiwa mazima. Mzee akainua mkono.

"Hapo. Mwambie ndaga fijo, ndiyo asante sana ya kwetu. Na Ijumaa siendi popote."

Tangu siku hiyo, chai ikiisha, nilikuwa nasikia sebuleni: "Mgeni!" Nakuja, nakaa pembeni, tunaongea na sabufa. Aliihadithia habari za mashamba ya migomba ya babake, na za mkewe aliyetangulia. Mimi niliihadithia wanafunzi wangu. Siku moja akaiuliza kwa nini sauti nzito inapenya ukuta na maneno hayapenyi. Nikaieleza kwamba mawimbi yake ni marefu, ukuta hauyazuii kirahisi. Maneno yanatengenezwa na mawimbi mafupi, hayo yanaishia ukutani.

Mzee akaipapasa sabufa kwa kiganja.

"Basi mwambie," akasema, "miaka yote hii nimemsikia hivyo. Najua anacheka. Sijui anacheka nini."

Mume wangu aliikuta sabufa karibu na dirisha, ambako mwishowe besi ilitulia kweli, haina maua. Aliponuna kuhusu spika zake kuitwa ndogo, baba yake alimwambia amwache mgeni wake. Akanuna kimya kimya.

Siku ya kliniki walikwenda wote wawili. Mume wangu alinipigia simu kutoka hospitali akipiga kelele: bandeji imetoka, jicho ni safi, baba anaona! Nilipiga vigelegele peke yangu nyumbani. Nilikuwa bado napangusa meza ya sebuleni waliposhuka kwenye bajaji, na kutoka getini nikamsikia mzee akisoma kwa sauti maandishi ya malori yanayopita, moja baada ya jingine, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nikachukua kitambaa changu nikaenda jikoni. Akaingia, akakaa kwenye kiti chake, akawasha mtambo. Nilisimama nikisubiri amwite mgeni. Alisikiliza habari mpaka mwisho, akasikiliza matangazo ya vifo, akazima. Nilimshukuru Mungu kwa jicho lile, kwa moyo wangu wote, kisha nikakaa juu ya ndoo ya maji, nikalia.