Santuri Mbili za Nangara

Hapa Babati, watu wanaohitaji kujua kama santuri ya rock ni toleo la kwanza au la nne ni wachache. Mimi ni mmoja wao, na wa pili sijakutana naye. Nina kibanda karibu na stendi, nauza redio kuukuu, spika na pleya za santuri. Elimu hii niliipata kwa simu, kutoka kwa mteja mmoja wa Arusha anayenunua sahani za zamani na kuzipanga kabatini bila kuzipiga. Nilimuuliza mara mbili kama kweli hazipigi. Akasema zitachakaa. Mtu anayenunua muziki ili asiusikie ni mteja wa kutunzwa.

Kulikuwa na albamu moja aliyoitafuta kama anayetafuta mbuzi aliyepotea: vijana wa Kiingereza, nywele mabegani, magitaa yanayolia kama mashine ya kusaga. Akanifundisha kuitambua. Kava usiliamini, maana makava huhama. Lebo nayo usiiamini sana, kwa sababu kiwanda kiliweza kuendelea kubandika lebo za zamani mpaka ziishe. Tazama ule mduara laini katikati, kati ya mwisho wa wimbo na lebo, pale sindano inapokosa kazi. Pana namba nyembamba, kama zimechorwa kwa pini. Zikiishia na moja pande zote mbili, ndiyo yenyewe. Zikiishia na nne, hiyo ni mjukuu. Nikamuuliza, je, moja upande mmoja na mbili upande wa pili? Akasema hiyo ni chotara, nisimpigie simu.

Basi kiangazi hiki akaja kibandani mama mmoja wa Nangara, mjane, akiulizia sindano na mkanda wa pleya ya marehemu mumewe. Mume huyo alikulia kwa wafugaji wa tambarare za Hanang, akaishia kuwa dereva wa trekta kwenye mashamba makubwa, na huko fundi mmoja mgeni akamwambukiza rock. Mama akasema pesa ya sindano hana, ila ana santuri mbili zinazofanana. Nikimfufulia pleya atanipa moja. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayepiga miayo, kava lina picha gani. Aliponieleza nikainama kupanga nyaya ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Kesho yake nikapanda bodaboda hadi kwake. Mfukoni nilikuwa na mkanda na sindano mbili, mpya na kuukuu. Mpya ni ya mteja anayejua kubishana. Nikaamkia, shikamoo, akaitikia, marahaba baba, akanimiminia chai ya maziwa. Kabla sijaonja akaweka sharti.

"Ya marehemu haitoki ndani ya nyumba hii. Nyingine chukua."

Ugumu ni kwamba hakujua ipi ni ipi. Zamani mumewe aliazimisha santuri yake kwa harusi moja kule Bagara, nayo haikurudi. Aliyeazima akaleta nyingine kama hiyo kuwa fidia. Baada ya muda mrefu ile ya kwanza ikaonekana kwa shemeji wa bwana harusi, ikarudishwa. Toka hapo zililala pamoja kwenye kava moja, la pili likiwa limeliwa na mchwa. Macho yake sasa hayasomi hata kalenda. Lakini zikipigwa, alisema, ataijua ya kwao kwa mlio.

Kwa hiyo nikashauri nichague kwanza, ndipo nifunge sindano. Nilimwambia si vizuri kujaribia sindano kwenye mali ninayoondoka nayo. Ilikuwa sababu nzuri. Hata mimi ilinigusa.

Nikawasha tochi ya simu. Sahani ya kwanza: nne, na upande wa pili nne. Mjukuu. Sahani ya pili: moja. Nikageuza: moja. Nikarudia kusoma nikianzia kulia, isije ikawa macho yananipendelea. Moja, na moja. Nikanywa chai ili mikono ipate shughuli.

Sasa, kitu unachokitaka usikisifu, kisikitikie. Nikaichukua ya nne nikaimwagia sifa zote: inang'aa, nzito, haina mkwaruzo, hii ndiyo ya kubaki nayo nyumbani. Kisha nikaishika ile ya moja kama anayeshika kuku mgonjwa.

"Hii, mama, imechoka. Wacha mimi niondoke nayo, nikupunguzie takataka. Ona, mtu ameichoma hapa katikati na chuma cha moto. Amechora duara, na fito mbili."

Akaweka kikombe chini.

"Fito zimelalia upande gani?"

Kwa vile nilikuwa nimenogewa na kazi ya kuhesabu ubovu, nikajibu kwa usahihi kabisa. "Kushoto."

"Lete."

Akapitisha kidole gumba pale kwenye mduara laini, polepole, akarudia. Duara na fito mbili za kulalia kushoto ndiyo chapa ya ng'ombe wa ukoo wa mumewe, inayochomwa pajani. Santuri iliporudi kutoka Bagara, mzee alipasha moto spoku ya baiskeli akaichapa, mahali ambapo wimbo hauumii, ili ikipotea tena asibishane na mtu. Mama alijua kuna kilichochapwa, ila siku zote alidhani ni kava, lile lililoliwa na mchwa.

"Ya fidia hakuichoma," akasema. "Alisema bado haijawa ya kwetu."

Nikajaribu. Nikasema huenda ni alama ya kiwandani.

"Kiwanda cha Ulaya kimejuaje ng'ombe wetu?"

Nikasema basi, mimi nimeshaizoea hii mbovu, na pleya nitaipangusa bure. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Hapana, baba. Siwezi kukubebesha takataka. Chukua ile nzuri, umenieleza mwenyewe uzuri wake." Kumweleza thamani ya ile takataka kungenilazimu kueleza pia nilichokuwa nikifanya tangu chai ikiwa ya moto. Nikaifunga ya nne kwenye gazeti.

Kisha nikafungua pleya, nikavalisha mkanda, nikaingiza mkono mfukoni. Nilikaa nao humo kidogo.

Muziki ulipoanza, mbuzi wa uani walinyanyua vichwa. Mama akautegea mlio sikio. Alivua kandambili, akaweka kiganja juu ya meza karibu na spika, na vidole vikawa vinagonga mbao nyuma kidogo ya ngoma.

Mteja wa Arusha alinipigia jioni. Nikamwambia nimeiona, moja pande zote mbili, ila mwenyewe hauzi. Akauliza anaifanyia nini. Nikamwambia anaipiga. Akauliza kwa upole wa aliyeletewa taarifa ya msiba kama sindano, angalau, ni nzima.

"Mpya," nikasema. "Nimeifunga mwenyewe."