Bibi Yangu Hapende Ngazi

Hapa Bunia, Kongo, nilijisifu kwa majirani kwamba Kiswahili ni kimoja, hakuna mahali kitanishinda. Basi nilipomuoa Furaha, nikapigia simu hoteli moja ya Mwanza, twende tukapumzike kando ya ziwa.

"Niko nakuja na bibi yangu. Hapende ngazi."

"Pole," akasema dada wa mapokezi. "Tutawapa chumba cha chini. Vyakula vigumu anaweza?"

"Anakula byote. Hata mifupa."

"Mungu amtunze! Meno bado anayo?"

"Yote iko!" nikajibu kwa majivuno. Nikaona Watanzania wana adabu sana, wanajali hata meno ya mgeni.

Tulipofika, Furaha alikuwa na wigi mpya na vile viatu vya visigino virefu vinavyomfanya aogope ngazi. Dada yule akatupita akisukuma kiti cha magurudumu, akachungulia ndani ya teksi.

"Bibi yuko wapi?"

Nikamshika Furaha mkono. "Ni huyu."

"Huyu si mkeo? Bibi ni yule aliyemzaa mama yako!"

Kwetu huyo tunamwita koko. Nilitaka kueleza, lakini Furaha alikuwa ameshaketi kwenye kile kiti, mkoba mapajani.

"Sukuma, mujukuu yangu."