Waliomzika Mama Paulina

Ninyi vijana mtakaosoma haya, nawaambia mapema kwamba sijui kupamba maneno. Nilifika darasa la nne, basi. Lakini harufu ya mabua ya ngano yaliyokatwa, ikichanganyika na dizeli, hunifikia hata leo, na ikinifikia namwona Mama Paulina amelala juu ya tela.

Tulikaa upande wa Gitting, wakati mashamba ya ngano ya serikali yamemeza uwanda wote wa chini. Baba alikuwa kibarua huko. Mwaka mmoja mama yangu alijifungua mtoto aliyekwisha kufa. Kwa desturi yetu hilo lilikuwa mwiko, nyumba nzima inatengwa. Hatukuruhusiwa kupita njia ya watu, wala kuchota kisimani, wala kuomba moto kwa jirani. Baba aliambiwa abaki huko shambani, kwenye kambi ya vibarua. Wakristo wenzetu, waliokuwa wakiimba Jumapili mpaka mabati yanatetemeka, wakituona walikata kona kama wameona chui.

Mama Paulina peke yake hakukata kona. Alikuwa mjane, mfagiaji wa kanisa, mwembamba kama mwiko wa ugali. Alikuja na debe la maji kichwani, akaingia ndani, akanawa, akala sahani moja na sisi. Mimi aliniita "rafiki yangu," nami nilikuwa mtoto wa kamasi tu.

Wanawake walimpigia kelele toka mbali. "Paulina! Unatuletea kifo!"

"Kifo kinahitaji kuletwa?" akawajibu. "Kimechukua mume na watoto wangu wawili. Njia ya kwangu kinaijua."

Kanisani wakamwachia benchi zima. Akaniambia, huku anacheka, kwamba sasa ananyoosha miguu kama mke wa mkuu wa wilaya.

Muda wa mwiko wetu ukaisha, tukarudi kwa watu. Mama akashika mimba nyingine. Na wakati wa mavuno, Mama Paulina akashikwa na kichomi. Hakuna aliyempelekea hata uji. Walisema mwiko umemng'ata. Akafa.

Nilimwambia mama, "Twende."

"Kaa chini."

"Mama, alikuja kwetu."

"Nimesema kaa chini!" Akafunga mlango, akaegemeza mgongo wake hapo, mikono juu ya tumbo.

Alipokwenda jikoni nikatoka mbio.

Kwa Mama Paulina sikukuta mtu wa kijiji. Nilikuta vibarua wa shambani, watu wa kuja, na dereva wa trekta aliyeitwa Saidi, mtu wa Tabora. Walikuwa wamesikia kuna maiti haina wa kuizika. Walikuwa wamemfunga katika blanketi lake na kumlaza kwenye tela, juu ya magunia matupu ya ngano.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Wenyewe wako wapi?"

"Wanaogopa."

"Wanamwogopa huyu?" Akamtazama marehemu, jinsi alivyokuwa mdogo. "Haya."

Walichimba wao. Mwinjilisti alikuja, lakini alisimama mbali kwenye ua wa minyaa, akasoma sala kwa kupaza sauti. Upepo ukaipeleka mashambani, kombaini zilikokuwa zinanguruma bila kusimama.

"Mwinjilisti, sogea," Saidi akamwita. "Marehemu haumi."

Hakusogea.

Saidi akanigeukia. "Mimi Mwislamu, nyimbo zenu sizijui. Imba wewe."

Nikafungua mdomo. Sauti haikutoka. Basi mtu aliyeimba kila Jumapili akafukiwa kwa sauti ya majembe peke yake.

Nyumbani mama hakuniruhusu kuingia. Alinivua nguo nje, akaichoma, akanimwagia maji ya baridi, halafu akanichapa kwa fimbo ya ng'ombe huku analia. "Unataka kuniua? Na huyu wa tumboni?" Nililala na mbuzi mpaka yeye aliporidhika.

Mtoto alizaliwa mzima. Ndiye mjomba wenu wa Bashay, ambaye mnakula nyama kwake kila Krismasi. Mama hakulitaja tena jina la Mama Paulina, hata siku alipokufa yeye mwenyewe, na siku ya kumzika kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje.

Kwa miaka mingi nilisema mama yangu hakuwa na moyo. Nilipobeba mimba zangu, nikapoteza mbili, ndipo nikajua kwamba alikuwa nao, ila aliuweka kwa yule ambaye hajazaliwa, na uliobaki ukaliwa na hofu. Nimemwelewa. Kumwelewa mtu siyo kusema alifanya vizuri.

Juzi hapa jirani alifariki, nikawakuta wanangu na wake zao wamesimama uani, wananong'ona ugonjwa wake ulikuwa upi. Nikawaambia: "Katika mji huu msiulize mtu amekufa na nini. Chukueni majembe, nendeni."