Chumvi katika Barafu ya Mwanahija

Mwanahija Bakary alizaliwa Kilwa Kivinje, katika nyumba iliyonuka samaki hata siku ya Idi, na kwa miaka kumi na minne kazi yake hospitalini ilikuwa kuziwasha seli za watu. Ndivyo alivyowaeleza wagonjwa walipouliza damu yao inakwenda kufanywa nini. Ndani ya damu mna askari, aliwaambia, na kila askari ana kipokezi juu ya mwili wake, mfano wa kitasa mlangoni. Virusi huingilia kwenye kitasa hicho, askari akafa. Sisi tunazo kingamwili za kiwandani zilizotiwa rangi, hazijui kushika kitu kingine duniani ila kitasa hicho. Tunazichanganya na damu, tunaziweka gizani, kisha mashine inazipitisha seli mojamoja mbele ya mwanga mkali. Iliyoshikwa inawaka rangi ya chungwa, nasi tunahesabu.

Zamani watu walipanga foleni hadi nje kwa ajili ya hesabu hiyo. Siku hizi wakubwa wanataka kipimo kingine, cha kuhesabu virusi wenyewe, na damu hupelekwa mbali. Mashine ya Mwanahija ikabaki na kazi moja: wale waliochoka sana, au walioacha dawa wakarudi. Wakiwa na askari chini ya mia mbili hupimwa kuvu anayeingia kwenye ubongo kimyakimya, kabla hata kichwa hakijauma. Akigunduliwa mapema, kuna dawa. Akichelewa kugunduliwa, kwa kawaida ni sanda.

Mwaka huo mvua za masika ziliikata barabara kule Somanga, na Jumatatu umeme ukakatika. Jenereta ya hospitali iliunguruma nusu siku ikanyamaza. Katika friji ya maabara ilikuwamo boksi moja tu la kingamwili, la mwisho, na jingine lisingefika mpaka barabara ifunguke.

Jumanne akaja Kudra. Alikuwa mkulima wa ufuta kutoka Mitole, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mashavu yameingia ndani, khanga safi imepigwa pasi. Alikuwa ameacha dawa miaka miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani aliyekudanganya ukaacha?"

"Sikudanganywa. Nilinenepa nikajiona nimepona." Kudra akacheka, akajishika kiunoni palipobaki mifupa. "Basi unene wenyewe ukaona haya, ukaondoka."

Mwanahija naye akacheka, kisha akaenda kwa tabibu Benedicto, ambaye vipimo vya kuvu alikuwa amebakiwa navyo saba.

"Huyu nampima bila hesabu yako?" Benedicto aliuliza. "Kila kipimo lazima nionyeshe namba ya mgonjwa. Nisipoonyesha, nitaulizwa nimempa nani. Nipe namba, Bi Mwanahija. Chini ya mia mbili, nampima saa hiyohiyo."

Kwa hiyo kila kitu kilirudi kwenye boksi lile. Kudra aliambiwa alale kwa shangazi yake hapo mjini, arudi Alhamisi, siku umeme ulipotarajiwa kurudi. Na friji ilikuwa inapata joto.

Mwanahija alilitia boksi kwenye kasha la chanjo, akalifunga kwanza kwa karatasi ya foili lisipigwe na mwanga, maana mwanga huifisha ile rangi. Akashuka nalo hadi mnada wa samaki wa Kilwa Masoko, kwa mdogo wake Sadick, mchuuzi wa samaki, mtu pekee aliyekuwa bado na barafu.

"Dada leo umekuja na mzigo wako! Ni nguru au changu?"

"Askari."

"Wanauzwaje kilo?"

"Wewe nipe barafu, mropokaji."

Sadick alilipasua tofali la barafu kwa nyundo, vipande vikajaa kasha. Halafu akageuka kumpigia kelele mtu aliyekuwa akikanyaga pweza wake. Gunia la chumvi lilikuwa hapo ubavuni, mdomo wazi. Mwanahija akachota konzi mbili, akazinyunyizia barafu, akafunika. Hakulifikiria jambo hilo, kama vile mtu asivyofikiri anapovua viatu mlangoni. Tangu ana miaka saba ndiyo ilikuwa kazi yake nyumbani kwao: barafu isiyotiwa chumvi haimfikishi samaki Dar. Ya chumvi huuma zaidi, hata samaki akawa mgumu kama kuni.

Juu ya boksi palikuwa na picha ya nyota yenye miguu sita, imepigwa mstari mwekundu. Maana yake usigandishe. Alikuwa amewafundisha wanafunzi wengi maana ya picha hiyo.

Alhamisi umeme ulirudi. Mwanahija alifungua kasha asubuhi, akaona ndani ya vichupa vipande vyeupe vikiyeyuka. Hakuhitaji kuambiwa. Hata hivyo alijichoma kidole, akazijaribu kwa damu yake mwenyewe, damu ya mtu mzima asiye na ugonjwa. Akachanganya, akasubiri gizani, akawasha mashine. Kwenye kioo, mahali palipozoea kujaa wingu la nukta za chungwa, palikuwa na vumbi tu. Mashine ikampa askari thelathini na tisa. Akarudia. Ishirini na nane.

Kudra alikuwa kwenye benchi, amekunja mkono wa gauni tayari.

"Hazifanyi kazi," Mwanahija alimwambia tabibu. "Nimezigandisha. Nimetia chumvi kwenye barafu kama ya samaki."

Benedicto aliinuka. Akafunga mlango. "Si uniandikie tu mia na hamsini? Mwangalie alivyo."

"Nimemwangalia."

"Basi?"

"Sijapata kuandika namba nisiyoiona. Andika wewe."

"Mimi si mtu wa maabara."

Kila mmoja alimngoja mwenzake awe na ujasiri. Hakuna aliyekuwa nao. Mwanahija akachukua fomu ya Kudra, akaandika: *Haikupimwa. Vitendanishi vimeharibika.* Mwandiko wake ulikuwa mzuri, kama kawaida. Kudra akapewa dawa za kuanza upya, akaambiwa barabara ikifunguka atapigiwa simu.

"Haya, mama. Mimi nipo, siendi popote."

Boksi jipya lilifika baada ya wiki tano. Mwanahija alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka kwenye friji, akasoma joto mara mbili. Kisha akapiga simu Mitole kabla hata ya kuvaa glavu. Alipokea mwanamume.

"Mimi Shamte. Mume wake."

"Naitwa Mwanahija, wa maabara. Naomba Kudra."

"Mwenye simu tumemzika Ijumaa, mama. Kichwa. Kilimshika siku nne, akawa hatujui." Akavuta pumzi. "Kwani yale majibu yametoka?"

Angeweza kusema bado. Mtu hasemeshwi hivyo juu ya kaburi bichi.

"Hayakutoka, ndugu yangu. Ile dawa ya kupimia niliiharibu mimi. Niliitia kwenye barafu yenye chumvi."

"Chumvi?"

"Chumvi, ya samaki."

Upande wa pili kuku waliita, mtoto akafukuzwa mahali. Mwanahija alingoja atukanwe. Alikuwa ameketi wima kabisa.

"Basi tena," alisema Shamte. "Kazi ya Mungu, mama. Ahsante kwa kutukumbuka."

Simu ikakatika. Nje muuguzi aliita jina la mgonjwa wa kwanza, mzee wa Mchinga aliyeacha dawa tangu mwaka jana, na Mwanahija akatoa kichupa kwenye friji. Askari wa mzee yule waliwaka vizuri, wote kumi na mmoja.