Soda ya Mwenyekiti

Ile kamati niliiunda mwenyewe, tena kwa mbwembwe. Nilikuwa nimeshaongoza kamati nyingi za wanafunzi wa uzamivu pale chuoni kwetu Arusha, na nilijiona fundi. Unahitaji watu watatu: mmoja anayeijua mada, mmoja anayejua mbinu za utafiti, na mmoja kutoka idara nyingine wa kuwakera hao wawili. Wenzangu wengi walikuwa wakijaza marafiki zao. Mimi nilichagua watu wanaosoma. Wa mbinu alikuwa bwana mmoja mwenye akili sana, aliyekubali kila kitu mradi kikao kiishe kabla ya chakula cha mchana. Wa idara nyingine alikuwa mama wa sheria ambaye alisoma tanbihi kwanza, maandishi yenyewe baadaye kama muda upo. Mada nilikuwa naijua mimi, na uenyekiti nikauchukua mimi.

Mwanafunzi wetu alikuwa Mgogo, baba wa watoto wawili, mpole hadi anakera. Alitaka kuandika tasnifu kuhusu zama za Mjerumani kwenye miteremko ya Mlima Meru: nani walibebeshwa mawe ya kujenga boma, nani walichapwa viboko, na wajukuu wao wanasimulia nini. Nilimwambia ana bahati ya mtende, maana mwenyekiti wake ni Mmeru, mzaliwa wa huko huko migombani. Nikampa na mbinu. Ukifika kwa watu, nilimwambia, usianze na makaratasi ya chuo. Kwetu mtu anaulizwa kwanza ametoka mji gani, yaani ukoo gani. Wewe huku huna mji, basi tumia wetu. Sema umetumwa na mimi, na umtaje babu yangu, wazee wote wanamjua.

Akafanya kama nilivyomwelekeza.

Kikao cha kwanza baada ya kutoka huko alileta habari za punda wa wamisionari na miche ya kwanza ya kahawa. Kikao cha pili akaleta punda wale wale. Kuhusu viboko, kila mzee alimjibu kwamba hakumbuki, au alikuwa bado mtoto, hata wale ambao wakati Mjerumani anaondoka hawakuwa wamezaliwa. Kwenye kamati zetu kuna desturi: mwanafunzi akishasoma taarifa yake anaombwa atoke nje, wakubwa wamjadili. Yeye akitoka alikuwa anaufunga mlango taratibu sana, kama vile ndani kuna mgonjwa. Siku moja sikungoja hata atoke. Nikamuuliza mbele ya wenzangu, "Baba, wewe unakwenda kule kuhoji au kuposa?" Bwana wa mbinu akacheka. Mwanafunzi akacheka pia, kwa adabu, akatoka.

Muda wake ukawa unayoyoma. Chuo kina ukomo wa miaka ya uzamivu, na kilitutaka tupendekeze moja kati ya mawili: aendelee, au asitishwe. Chuo cha ualimu kilichokuwa kimemwajiri kilikuwa kimemshikia nafasi kwa sharti kwamba atarudi na shahada. Akirudi mikono mitupu, hana shahada wala kazi, na nyumbani kuna mke na wale watoto wawili. Mama wa sheria alisema waziwazi kwamba tasnifu ya punda hawezi kuitia sahihi. Nikaomba kikao kimoja zaidi. Nikasema nitakwenda naye uwandani mwenyewe, nikamwonyeshe watu wanavyohojiwa.

Tulikwenda Nduruma kwa gari langu, kwa bibi mmoja ambaye ukoo wake ulishuka zamani kutoka mlimani ukahamia huko tambarare. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. "Shikamoo mama," nikasema, nikaongeza na salamu za Kimeru chetu, nikijua hapo kazi imekwisha. Aliitikia marahaba, basi. Hakuniuliza za nyumbani, wala za watoto, wala migomba imeamkaje. Akamgeukia mwanafunzi wangu na kumuuliza habari za Dodoma, mvua, na mkewe kama ameshapona jino. Kumbe kijana alikuwa ameshafika pale mara kadhaa na walikuwa wameshazoeana.

Mkwe wa yule bibi akaleta birika la chai ya maziwa, akammiminia kijana, akammiminia mama mkwe, akajimiminia na yeye. Kisha akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na soda ya chupa juu ya sahani, imefungwa vilevile ilivyotoka dukani, na kifungulio pembeni. Akaiweka mbele yangu. Hakunifungulia.

Mwanafunzi wangu akaninong'oneza, huku macho yanamcheka, "Mama, umeheshimiwa! Sisi chai, wewe soda."

Nilikishika kile kifungulio. Nilipokuwa mdogo, kwenye harusi za kwetu walikuwapo watu waliokuja, wakasalimia, wakatoa zawadi zao, wakakaa mpaka jua likapungua, na hawakutia kitu mdomoni. Nilimuuliza mama kwa nini wale hawali. "Wana neno na sisi," alisema. Nikauliza neno gani, nikafinywa. Kwetu watu wenye neno kati yao hawali kutoka chungu kimoja, hata kama wanakaa kanisani benchi moja na kuimba kutoka kitabu kimoja. Baadaye nikasoma, nikaenda ng'ambo, nikarudi na vyeti, na mambo hayo nikayaweka kwenye fungu la ushamba. Sasa nimekaa mbele ya birika lililojaa, na kisichotoka kwenye birika hilo ndicho nilichopewa. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaifungua ile soda nikainywa yote, kwa sababu kuiacha kungekuwa kukiri mbele ya kijana kwamba nimeelewa.

Mahojiano yalikuwa ya kusikitisha. Kila alipouliza kuhusu viboko, bibi alinitazama mimi, kisha akamjibu yeye, "Hayo sikumbuki, mwanangu."

Tulipofika barabara kubwa kijana akasema, "Labda kweli mimi siwezi, Mama. Afadhali niandike mwenyewe barua ya kujiondoa, nisiwasumbue." Nilibadilisha gia.

Jumapili yake nilikwenda Levolosi, kwa shangazi yangu, mtoto wa mwisho wa babu, aliyekuwa akikaa kwa mwanawe. Nilimweleza tulikokwenda.

"Walikupa nini?" akauliza.

"Soda."

Akaguna. "Bora wewe. Enzi zetu soda hazikuwapo, tulikuwa tunakaa tu."

Halafu akanisimulia, bila kuzunguka. Babu alikuwa mnyapara. Mjerumani alipotaka watu wa kubeba mawe, wanyapara ndio waliochagua nani aende. Zamu ilikuwa imemwangukia mdogo wake babu. Babu akampeleka jirani badala yake, mtu aliyekuwa na homa. Njiani yule mtu akaanguka na mzigo, na babu, ili Mjerumani aone kwamba mnyapara wake ni mkali, akakishika kiboko kwa mkono wake mwenyewe. Mtu akarudishwa kwake amebebwa juu ya ngozi ya ng'ombe, hakuchukua siku. Mazishi hayajapoa, babu akalichukua shamba la chini la marehemu, lile la karibu na mfereji, akisema shamba halikai bila mwanamume. Mjane akawabeba watoto akateremka nao Nduruma.

"Yule bibi ni mjukuu wa huyo marehemu," shangazi akasema. "Na wewe, pamoja na usomi wako, ukampa Mgogo wa watu jina la baba yangu akapige nalo hodi!"

Nilijifunika uso kwa kanga, mbele ya shangazi yangu, na umri huu. Nilikuwa nimemwona yule kijana kuwa zezeta, kumbe kila mlango nilikuwa nimeufunga mimi kabla hajaufikia. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba kijiji kizima kilijua. Kwa miaka yote niliyokuwa nikipanda mlimani na gari langu, nikisalimiwa "Profesa, Profesa," walijua, na kwa adabu yao wakaninyamazia.

Kikao kilipokutana niliomba kujiuzulu uenyekiti. Kanuni zetu zinadai sababu, na sababu inaingia kwenye muhtasari. Kijana alikuwa nje kwenye benchi kama kawaida. Nilizitoa sababu zote huku nikitazama meza.

Bwana wa mbinu akajaribu kunifariji. "Lakini Profesa, hayo si mambo ya Mjerumani?"

"Mjerumani alitoa amri," nikasema. "Kiboko kilishikwa na babu yangu."

Hakuna aliyeitazama saa siku hiyo. Mama wa sheria ndiye aliyepewa kiti changu, na swali lake la kwanza lilikuwa kama nitakubali kuhojiwa. Alisema mtu hawezi kuwa msimamizi wa utafiti na hapo hapo mtoa taarifa wake, lakini sasa nimeshatoka, kwa hiyo hakuna kizuizi. Alisema kwa upole, na bado lilinichoma. Nilikuwa nimezoea kukaa upande wa wanaouliza.

Kijana alirudi Nduruma peke yake, akajitambulisha kwa jina lake na la baba yake Mgogo. Bibi alizungumza mchana kutwa, na kesho yake akamwita tena. Wengine walifuata. Nyongeza ya muda ikapatikana. Mimi nilibaki wa mwisho, na nadhani alikuwa ananikwepa kwa heshima.

Alikuja ofisini kwangu akakaa kwenye kiti cha wanafunzi. Nikamwambia tubadilishane. Aligoma, nikasisitiza, tukabadilishana. Akaweka kinasa sauti mezani, akaanza kuuliza kwa sauti yake ile ile ya chini, moja baada ya jingine, bila kuruka kitu wala kunisaidia. Nilimweleza habari za homa, za mzigo, za ngozi ya ng'ombe. Kila nilipotaka kufafanua alinyamaza na kungoja niache kufafanua. Alikuwa mhoji mzuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsimamia.

Kisha akainua macho kutoka kwenye maswali yake.

"Na lile shamba la chini, Mama, siku hizi linalimwa na nani?"

Nilikitazama kile kinasa, taa yake ndogo nyekundu inawaka.

"Mimi," nikasema.