Senene wa Mama

Harufu ya senene wakikaangwa kwa mafuta yao wenyewe haifichiki. Ukifunga dirisha inapita mlangoni, ukifunga mlango inabaki kwenye nguo. Kila mvua za Novemba zinapofika nawakaanga jikoni kwangu, na kabla sijampakulia mtu yeyote nachota wa kwanza kutoka kikaangoni nikiwa nimesimama, wangali moto wa kuunguza ulimi. Wajukuu wanacheka, wanasema bibi ana ulafi. Wacheke. Ninyi mnaosoma nitawaambia ulafi huo niliupata wapi.

Nilizaliwa Kishanda, upande wa Muleba, enzi za Mwingereza. Siku hizo senene, panzi hao wa msimu wa mvua, walikuwa kazi ya wanawake na chakula cha wanaume. Tuliwaokota alfajiri kwenye nyasi zilizolowa umande, kabla jua halijawapa nguvu ya kuruka, tukawanyonyoa mabawa na miguu hadi vidole vyetu vikawa vya kahawia, tukawakaanga. Kisha tuliwapelekea wanaume, sisi tukaenda kula maharage. Mume aliyeletewa kikapu cha kwanza cha msimu alimpa mkewe nguo mpya, na wanawake waliridhika na nguo hiyo. Mwanamke akila senene, tuliambiwa, atazaa mtoto mwenye kichwa cha senene. Mimi nilikiamini kichwa hicho kabisa, pamoja na macho yake ya pembeni.

Nilikuwa na miaka kumi Mama aliponichukua kwenda Kibeta, juu ya mji wa Bukoba, kumsalimia shangazi yangu. Tata, yaani baba yangu, alibaki nyumbani na kahawa yake. Mama alikuwa na mimba ya miezi minne. Siku ya tatu, akiwa anamenya ndizi, aliweka kisu chini, akashika ubavu, akasema anasikia baridi. Kufikia jioni alikuwa hatutambui. Watu wanne walimbeba kwa machela hadi hospitali, nami nikafuata nyuma nimekumbatia viatu vyake, ambavyo hakuna aliyevihitaji.

Ilikuwa kichomi. Mvua zilikuwa zimeharibu barabara, na habari tulizomtumia Tata hatukujua kama zimefika. Shangazi alitaka kunipeleka kwake Kibeta, kwa kuwa hospitali si mahali pa mtoto. Nilishika mguu wa kitanda kwa mikono miwili. Walijaribu kuninasua, kisha wakachoka. Nilimfuta Mama jasho, nikamwaga beseni, nikamgeuza ubavu kama nilivyoonyeshwa na nesi, mama mmoja mpole wa Kahororo. Sikulia. Niliikasirikia homa ile kama mtu aliyeingia kwetu bila kupiga hodi.

Siku ya tisa homa ilishuka. Tukashangilia mapema mno, maana Mama hakula. Shangazi alileta ndizi zilizopikwa na maharage, akaleta uji, akaleta maziwa. Vyote vilirudi. Mifupa ya mabega ya Mama ikaanza kujitokeza. Nesi alinivuta pembeni, akaniambia jambo ambalo watu wazima hawawaambii watoto: kwamba homa imeshindwa, lakini Mama asipokula atakufa, yeye na aliye tumboni.

"Mpe chochote atakachokitaka mwenyewe," akasema. "Chochote."

Asubuhi iliyofuata kuna mtu alikuwa akikaanga nyuma ya wodi, walipopikia ndugu za wagonjwa. Mama alifungua macho, akageuzia uso dirishani.

"Koku," akaniita, "hao ni senene."

"Ndiyo, Mama."

"Nawataka."

Nilipanda Kibeta mbio kwa furaha, kwa sababu sikuwa nimefikiri. Aliyefikiri ni Shangazi. Aliniketisha, akaniuliza kwa upole kama najua ninachoomba.

"Mama yako ameolewa kwetu," akasema, "na mtoto aliye tumboni ni wa kwetu. Hakuna mwanamke wa ukoo huu aliyewahi kutia senene mdomoni. Atakula ndizi, waitu mwanangu, akitaka kupona."

Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Alimpenda Mama, na kila siku alishuka na kupanda kilima kile na chungu kichwani kwa ajili yake. Lakini alikuwa tayari kumzika, mradi amzike bila doa. Usiku huo nililala kwake nikiwa nimekwisha kuamua.

Kulipokucha nilikuwa nyasini. Niliokota kikapu kizima, nikawanyonyoa, nikawakaanga kwa chumvi kidogo kwenye mafiga ya Shangazi mwenyewe, naye akanisifu, akidhani ni wa mumewe. Nilipoanza kuwafunga kwenye jani la mgomba ndipo alipoelewa. Akasimama mlangoni.

"Weka chini, Koku."

Msichana wa kwetu hakuzungumza na shangazi yake akiwa wima; alipiga magoti. Yangu sikuyakunja.

"Nimewaokota mwenyewe, Shangazi. Mama yangu atakula."

Nikapita chini ya mkono wake.

Mama alichukua mmoja, akamtazama, akamtia mdomoni. Nilisikia akivunjika kati ya meno. Nikangoja jambo la kutisha litokee. Akachukua wa pili, kisha watatu kwa pamoja, midomo ikang'aa mafuta. Bibi wa kitanda cha jirani alijifunika shuka usoni asione aibu ile. Baada ya muda mkono wake ukachomoza chini ya shuka, kiganja juu. Mama akamtilia wachache.

Shangazi alifika akihema, akaliona jani tupu.

"Na kichwa cha mtoto?" akauliza, na alikuwa analia kweli.

"Nitamzaa na kichwa atakachokuja nacho," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa bado ndogo. "Na nitamnyonyesha."

Jioni ile aliomba ndizi.

Barabara ilipofunguka Tata alikuja kutuchukua. Alisimuliwa yote na dada yake, kisha akaturudisha Kishanda. Siku Mama alipopata nguvu za kutembea hadi dukani, alirudi na doti ya kanga nyekundu, akanikabidhi kwa mikono miwili mbele ya Tata. Ilikuwa nguo ya mtu mzima, ilinifunika hadi kwenye vidole vya miguu. Nilidhani ni shukrani kwa ajili ya yale mabeseni. Tata aliitazama ile kanga, akamtazama Mama, akatoka nje taratibu.

Mdogo wangu alizaliwa wakati wa masika. Wanawake wa ukoo walijaa nyumbani, na kila mmoja alianza kwa kumfunua kichwa. Kilikuwa cha mviringo, cha kawaida kabisa. Ugumu wake tuliujua baadaye, alipoanza kufundishwa hesabu.

Miaka ikapita, nikaolewa. Msimu wa kwanza nilimpelekea mume wangu kikapu cha senene kama nilivyofunzwa, naye akanipa kanga mpya kwa mikono miwili. Niliishika, nikakaa chini palepale. Kumbe Mama hakula kama mgonjwa aliyeonewa huruma, wala kama mwizi. Alikula kama mwenye nyumba, akatoa nguo kama mwenye nyumba, tena mbele ya macho ya mumewe.

Nikamrudishia mume wangu kanga yake. Nikamwambia tutakula pamoja, la sivyo mwakani aende nyasini mwenyewe. Hakufikiri kwa muda mrefu. Senene walikuwa wanapoa.