Mlango Niliopiga Randa

Siku hizi naona aibu hata kupita mtaani Noonkopir. Nilisimamia ukarabati wa maktaba yetu ya zamani pale. Tuliongeza chumba cha kompyuta, lakini mimi nilihangaika na mlango wa mbao uliojaa alama za moto. Nikadhani ni utundu wa watoto. Nikaupiga randa na kuupaka vanishi mpaka ukang'aa.

Siku ya ufunguzi nikashika maikrofoni, nikajisifia huo mlango kama zuzu. Nyanya mmoja akaja, akaupapasa juu mpaka chini.

"Marehemu mzee wangu hakujua kuandika," akasema. "Walipomaliza kujenga maktaba, kila mtu alichoma hapa chapa ya ng'ombe zake. Hiyo ndio ilikuwa jina lake. Kijana, umempeleka wapi?"

Watu wote wakanigeukia. Maikrofoni ilikuwa bado mkononi mwangu.